Lango la kambi si mpaka wa Marekani: maswali yenu kuhusu familia kambini Ujerumani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa akina mama, na akina baba wachache, ambao wenzi wao ni wanajeshi wa Marekani waliopangiwa Ujerumani: Vilseck, Baumholder, Kaiserslautern, Wiesbaden. Ni Wakenya, Watanzania na Wakongo waliofika Marekani kwa grini kadi, mmoja akajiunga na jeshi, na sasa familia nzima inahama tena. Tumeziweka pamoja kwa sababu karibu zote zinajikwaa kwenye jiwe moja. Watu wanadhani ukishapita lango la kambi umeingia Marekani. Hujaingia. Umesimama juu ya ardhi ya Ujerumani ambayo jeshi la Marekani limeruhusiwa kuitumia, na serikali zote mbili zina haki ya kukuuliza karatasi zako.

Atangulie, mimi nifuate?

*Hamjambo. Mume wangu ni Specialist, amepata uhamisho wa Vilseck, anaripoti baada ya miezi miwili. Mimi nina grini kadi na pasi ya Kenya, watoto wetu wawili walizaliwa Texas. Anasema atangulie, halafu nimfuate kwa tiketi ya kujinunulia mambo yakitulia. Ni sawa? — Mama wa wawili, Texas*

Dada, tiketi hiyo usiikate kwanza. Mumeo kutangulia si tatizo, wengi hutangulia. Tatizo ni wewe kufika kabla majina yenu hayajaingizwa kwenye amri yake ya uhamisho, yaani kabla ya kibali cha familia, kile kinachoitwa command sponsorship kwenye makaratasi yao. Kibali hicho ndicho kinachobeba kila kitu: nauli yenu, posho ya hoteli mnapotafuta nyumba, nafasi ya uhakika shuleni, bima ya TRICARE Prime ya ng'ambo, na gharama ya kurudisha mizigo. Anayekwenda na familia hupangiwa miezi 36, anayekwenda peke yake 24, kwa hiyo lazima aamue mapema na kuandika hivyo. Ukifika bila kibali, jeshi halikuhesabu kama familia iliyoletwa kwa amri.

Kazi huanzia pale mlipo sasa. Kila mmoja wenu atapimwa kwa fomu DA 5888 na faili lake la matibabu litasomwa. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtoto ana pumu au anahudhuria mazoezi ya kuongea, mzazi ananyamaza akidhani akisema watanyimwa safari. Vilseck ina zahanati tu, na daktari bingwa huenda asipatikane karibu. Wakilijua mapema, mumeo anaweza kupangiwa kituo kingine chenye huduma hiyo. Wakiligundua mkiwa mmeshafika, mtarudishwa katikati ya muhula na nyumba mmeshalipia. Semeni.

Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Weka mezani cheti cha ndoa, pasi, grini kadi na karatasi ya usajili wenu wa DEERS, yaani daftari la jeshi la wanajeshi na familia zao, usome herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linarekebishika ukiwa Texas kwa asubuhi moja. Ukiwa Vilseck, ubalozi wa Kenya uko Berlin, na huo wa Tanzania pia, na safari hiyo itakumeza siku nzima au mbili. Kama pasi yako inaisha kabla ya hiyo miezi 36, fanya mpya sasa.

Watoto, kwa kuwa ni raia wa Marekani, watapata pasi ya serikali isiyolipiwa, kwa fomu DS-11 pamoja na DD 1056. Wafanyieni na pasi ya kawaida ya bluu, maana ile ya serikali ni ya safari ya kikazi, si ya kuwapeleka kumsalimu bibi Kisii. Wewe utasafiri kwa pasi ya Kenya. Mkataba wa NATO wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya majeshi, huu ambao kila mtu kambini anauita SOFA, unakuondolea haja ya kibali cha ukaazi cha Kijerumani, na unathibitishwa kwa muhuri au cheti ndani ya pasi. Lakini mlangoni, uwanja wa ndege, pasi ya Kenya bado ni pasi inayodaiwa viza. Iombe ofisi ya pasipoti ya kambi ikuandikie, si ikuambie kwa mdomo, kama unahitaji viza ya kuingilia, na kama uwanja utakaobadilishia ndege unadai yake.

Kuhusu grini kadi, tulia. Kanuni ya kutokaa nje zaidi ya mwaka mmoja ina msamaha kwa mke, mume na watoto wa mwanajeshi aliyepangiwa ng'ambo kwa amri rasmi. Utarudi kwa kadi hiyohiyo hata ikiwa muda wake umekwisha, mradi ubebe nakala ya amri yenye jina lako. Chapisha nakala kumi za amri hiyo na uziweke kwenye mkoba wa mkononi. Zitaisha ndani ya mwezi wa kwanza: hoteli, shule, zahanati, benki, kila dirisha linataka yake.

Mtoto wa Landstuhl ni raia wa wapi?

*Shikamooni. Nina mimba ya miezi sita, tunaishi Baumholder, nitajifungulia hospitali ya jeshi Landstuhl. Mimi na mume wangu wote tuna pasi za Tanzania na grini kadi, tulifika Marekani miaka minne iliyopita. Wenzangu wananiambia mtoto atakuwa Mmarekani kwa sababu amezaliwa kambini. Nimeshaanza kumfurahia Mmarekani wangu, lakini moyo hautulii. — Mama kijacho, Baumholder*

Marahaba, mama kijacho. Moyo wako umekuambia kweli, wenzako wamekosea. Hospitali ya jeshi ikiwa Ujerumani ni Ujerumani, hata kama bendera mlangoni ni ya Marekani. Uraia wa mtoto aliyezaliwa nje ya Marekani hutoka kwa mzazi, na huangaliwa siku ile ile ya kuzaliwa.

Kama wazazi wote wawili ni raia wa Marekani, inatosha mmoja wao awe amewahi kuishi huko. Kama raia ni mmoja tu na wamefunga ndoa, raia huyo lazima awe amekaa Marekani kimwili jumla ya miaka 5 kabla ya mtoto kuzaliwa, miwili kati ya hiyo baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Muda aliotumikia jeshi ng'ambo kwa heshima unahesabiwa humo. Kama hakuna aliye raia, kama nyinyi, mtoto hapati uraia wa Marekani, na wa Ujerumani hapati vilevile.

Sasa utatuuliza: mume akimbie akaombe uraia kabla sijajifungua? Kuomba aombe, ni haki yake kwa utumishi wake na halipi ada ya fomu N-400. Ila kwa mtoto huyu haisaidii, kwa kuwa miaka yenu ni minne na sheria inataka mitano. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaona familia zikikimbizana na tarehe ya kujifungua, zikapata cheti cha uraia wiki moja kabla, kisha zikarudishwa na ubalozi mdogo kwa pengo la miezi.

Msikate tamaa. Mtoto wenu ni Mtanzania kwa kurithi. Na sheria ya uhamiaji ya Marekani ina mlango mzuri: mtoto aliyezaliwa nje wakati mama yake mwenye grini kadi yuko nje kwa muda anaweza kuingia Marekani bila viza na kupokelewa kama mkaazi wa kudumu. Masharti ni kwamba awe hajatimiza miaka 2, awe na mzazi mwenye grini kadi, na iwe ndiyo safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi Marekani tangu mtoto azaliwe. Neno zito ni hilo la safari ya kwanza. Ukienda Marekani mara moja kwa harusi ya shoga yako na kumwacha mtoto kwa baba yake, mlango unaweza kufungwa. Mwende pamoja, na cheti chake cha kuzaliwa, pasi yake ya Tanzania, grini kadi yako na nakala ya amri. Kabla ya kukata tiketi, muone mwanasheria wa kambi. Hatozi, na jambo hili analijua.

Karatasi baada ya kujifungua zina mpangilio wake. Kwanza ni Standesamt, ofisi ya vizazi na ndoa ya mji alikozaliwa mtoto, kwako ni Landstuhl. Wanataka pasi zenu, vyeti vyenu vya kuzaliwa na cha ndoa. Vya kwetu wanavichelewesha mara nyingi, hasa kama havijatafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, kwa hiyo anza tafsiri sasa ukiwa na miezi sita, usingoje. Omba cheti cha kimataifa, kile chenye lugha kadhaa, na uchukue nakala tatu au nne papo hapo. Kisha DEERS na TRICARE: mna siku 120 tangu kuzaliwa. Zikipita, bili za chanjo na kliniki zitaanza kuja kwenu. Halafu pasi, Berlin. Kwa wasomaji ambao mtoto wao kweli ni raia, badala ya Berlin kuna ripoti ya kibalozi ya kuzaliwa ng'ambo, ambayo ada yake ni dola 100.

Neno moja kwako wewe mwenyewe. Mumeo akishapata uraia, siku zako za kuishi naye ng'ambo kwa amri yake zinaweza kuhesabiwa kama uko Marekani, na unaweza kula kiapo hukuhuku Ulaya. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya analifanya hili bila kupoteza chake tangu Katiba ya 2010, Mtanzania sivyo. Kaeni mlizungumze, na wazee wa nyumbani wawemo.

Ukuta mweusi na blenda iliyoungua

*Habari. Mke wangu ndiye mwanajeshi, mimi niko nyumbani na watoto. Tumepanga nyumba kijijini karibu na Ramstein. Nyuma ya kabati la chumbani ukuta umeota weusi, mwenye nyumba anasema ni kosa letu. Na blenda ya Marekani imetoa moshi siku ya kwanza, ingawa nilinunua adapta. Je, jiko la wali tulilotoka nalo Mombasa nalo litaungua? — Baba wa nyumbani*

Tuanze na jiko la Mombasa, kwa kuwa ni habari njema. Umeme wa Ujerumani ni volti 230, hezi 50, karibu sawa kabisa na wa Kenya na Tanzania. Vifaa vya nyumbani kwetu vinafanya kazi hapo vizuri kuliko vya Marekani. Unachohitaji ni kubadilisha plagi tu, kutoka ile ya miguu mitatu ya bapa kwenda ya Kijerumani ya miguu miwili ya duara. Nunua adapta yenye mguso wa ethi, isiwe ile nyembamba ya chaja ya simu, maana jiko linavuta umeme mwingi.

Blenda ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Adapta inabadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Ukiingiza 230 kwenye kifaa cha 120, nguvu inayopita inakaribia mara nne ya iliyokusudiwa, na moshi hauchelewi. Kabla ya kuchomeka chochote, geuza kifaa usome kibandiko. Kikiandikwa 100–240V, kama chaja za simu na kompyuta nyingi, kinatosheka na adapta. Kikiandikwa 120V peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Transfoma huuzwa kwa wati. Chukua wati za kifaa uongeze nusu yake: blenda ya wati 500 inataka transfoma ya 750 au zaidi. Vifaa vyenye mota huvuta sana vinapoanza, ndiyo maana transfoma iliyolingana kabisa huzidiwa. Pasi ya nguo ya wati 1,500 ingedai transfoma kubwa na nzito ya kubebwa kwa mikono miwili. Acha, nunua pasi ya Kijerumani. Zima transfoma kila umalizapo, inakula umeme na kupata joto hata ikiwa haina kazi. Na jua kwamba transfoma haibadilishi hezi: saa ya mezani ya Marekani inayofuata hezi 60 itachelewa dakika 10 kila saa, na mota zitazunguka polepole. Wanaoishi ndani ya kambi mara nyingi wana soketi za aina zote mbili ukutani, wasome maandishi kabla ya kuchomeka.

Sasa ukuta. Huo weusi ni ukungu, unaota kwa sababu ya unyevu, na mwenye nyumba hajakosea sana. Nyumba za Kijerumani zimezibwa barabara ili joto lisitoke, na mvuke nao hautoki. Sisi tunachemsha maharage saa mbili, tunaanika nguo ndani, tunaoga maji ya moto watu watano. Mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi kuliko pote, yaani kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati ambako hewa haipiti, na hapo unageuka maji.

Dawa ni kufungua madirisha wazi kabisa, ya pande zinazotazamana, dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku hata kama kuna theluji, huku umefunga hita. Usiache dirisha limeinama nusu siku nzima: ukuta unapoa na ukungu unaongezeka. Sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani. Hita ya chumbani iwe namba 2 au 3, tatu ni kama nyuzi 20, usizime kabisa. Nunua kipima unyevu kidogo, kisomeke kati ya asilimia 40 na 60. Sufuria ya maharage ifunikwe na mlango wa jikoni ufungwe. Weusi uliopo, kama ni eneo dogo, fungua dirisha, vaa glavu na barakoa, ufute kwa kemikali ya kuua ukungu au spiriti, usipanguse ukiwa mkavu kwa kuwa utasambaa. Piga picha zenye tarehe kabla na baada. Dhamana uliyoweka, ambayo kisheria haizidi kodi tupu ya nyumba, bila gharama za ziada, ya miezi 3, ndiyo itakayobishaniwa mkihama, na ofisi ya nyumba ya kambi itakaa upande wenu ukiwa na picha hizo na kipimo chako.

Nepi za rafiki na mandazi ya jirani

*Rafiki yangu Mkenya ameolewa na Mjerumani Kaiserslautern, ananiomba nimnunulie nepi na maziwa ya mtoto dukani kambini, pesa anarudisha. Na mimi nataka kuuza mandazi na kusuka nywele nyumbani kwangu. Kuna ubaya? — Msusi, Kaiserslautern*

Nepi hapana, dada, hata kama rafiki huyo ni kama pacha wako. Bidhaa za PX na za Commissary, yaani maduka ya jeshi kambini, zimeingia Ujerumani bila ushuru wala kodi kwa ajili ya wenye kitambulisho tu. Kumuuzia asiyenacho, hata kwa bei ileile, forodha ya Ujerumani inaihesabu kama magendo. Anayeshtakiwa ni wewe, na anayeitwa ofisini ni mumeo. Mnaweza kupoteza haki ya kununua humo na vyeo vikaguswa. Petroli ya kadi ya kambi ni hivyohivyo. Mueleze rafiki yako sababu, asidhani unamnyima.

Njia halali ya kuokoa pesa mtaani ni fomu ya msamaha wa kodi ya mauzo, ambayo Ujerumani ni asilimia 19, na 7 kwa vyakula vingi. Kuna NF-1 kwa manunuzi yasiyofika euro 2,500 na NF-2 kwa makubwa zaidi. Unaichukua ofisi ya kambi kabla ya kununua, unamuuliza muuzaji kama anaipokea, analipwa bei isiyo na kodi, anajaza na kusaini. Ukilipa kwanza halafu ukarudi na fomu kesho, umechelewa. Na kitu kiwe chenu, si cha rafiki.

Mandazi na kusuka vinawezekana, ila kwa kibali cha biashara ya nyumbani kutoka uongozi wa kambi. Kwa chakula, idara ya afya itakagua jiko lako. Kusuka ni rahisi zaidi kupitishwa. Wateja wawe wenye kitambulisho, maana ukimsuka mtu wa mtaani kwa malipo unaingia sheria ya biashara na kodi ya Kijerumani. Usipokee nywele za kuuza kupitia posta ya jeshi, posta hiyo si ya biashara. Na ukialikwa kulea watoto wa majirani, ukipita saa 10 kwa wiki kwa utaratibu wa kila wiki, unatakiwa usajiliwe kama mlezi rasmi, upewe mafunzo na nyumba ikaguliwe. Tunakushauri ulifikirie hilo kwa dhati, kwa sababu foleni ya chekechea za kambi ni ndefu na mlezi aliyesajiliwa hakosi watoto.

Mama mkwe anakuja kulea mzazi

*Mama mkwe yuko Kakamega, ninataka aje miezi mitatu nikijifungua. Aingie kwa SOFA yetu? — Mkamwana, Wiesbaden*

SOFA yenu haimfuniki yeye. Anahitaji viza ya Schengen, ambayo inampa siku zisizozidi 90 ndani ya kila 180. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Ada ni euro 90, na bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Miezi mitatu ya kalenda mara nyingi ni siku 91 au 92, kwa hiyo hesabu siku, usihesabu miezi. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa.

Kwenye barua ya mwaliko weka anwani ya nyumba, uhusiano wenu, nani analipa nini, nakala ya amri na karatasi ya mshahara. Usitoe nakala ya kitambulisho cha jeshi kumtumia mtu yeyote, ni kosa kisheria. Yeye alete cha kumrudisha Kakamega: hati ya shamba, pensheni, barua ya kanisa anakohudumu, picha za wajukuu wengine anaowalea. Viza nyingi za wazee hukataliwa kwa kukosa hicho.

Kama mnaishi ndani ya kambi, mgeni anayezidi siku 30 anahitaji ruhusa ya maandishi ya ofisi ya nyumba. Iombeni kabla hajafika. Langoni ataandikishwa kwa pasi yake, na wewe au mumeo muwepo. Hatanunua PX wala kutibiwa zahanati yenu, kwa hiyo dawa zake za presha alete za siku zote 90 pamoja na cheti cha daktari. Na usimwambie abebe nyama ya kukausha wala maziwa ya mgando kwenye begi. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutupwa uwanja wa ndege, nasi tunajua jinsi mzee anavyoumia kumwagiwa alichokiandaa kwa mikono yake.

Msiba nyumbani, mume yuko mazoezini

*Baba mdogo wa mume wangu yuko mahututi Tabora. Ndiye aliyemlea. Mume yuko porini kwenye mazoezi, simu haipatikani. Nifanye nini? — Mama wa Grafenwöhr*

Pole sana, mama. Habari hii isipite kwa marafiki zake. Ipite Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao kazi yao ni kuithibitisha na kuifikisha kwa kamanda usiku na mchana. Ukiwapigia, uwe na jina kamili la mumeo, cheo, tarehe ya kuzaliwa, kikosi chake, na jina la mgonjwa pamoja na simu ya wodi au daktari Tabora. Simu ya daktari ndiyo inayokwamisha wengi. Waombe ndugu walioko hospitali wamtafute muuguzi mkuu wa zamu, wampe taarifa kwamba atapigiwa na wageni kwa Kiingereza, na wamruhusu kusema hali ya mgonjwa.

Kwetu baba mdogo ni baba. Kwenye fomu zao anaandikwa mjomba, na mjomba hayumo kwenye orodha ya ruhusa ya dharura. Lakini aliyemlea mtu mahali pa mzazi yumo. Kwa hiyo mwambie anayepokea simu sentensi hiyo tangu mwanzo: huyu ndiye aliyemlea, tangu umri fulani hadi fulani. Mkipata barua ya shule yenye jina lake kama mlezi, au ya serikali ya mtaa, itumeni kwa kamanda. Nauli ikiwa ngumu, Army Emergency Relief, mfuko wa misaada ya dharura wa jeshi, hukopesha bila riba, nao hutoa hata nje ya saa za kazi kupitia Msalaba Mwekundu.

Kwa ufupi

*Ndugu anaweza kunitumia kifurushi kutoka Dar kwa anwani ya APO, ile ya posta ya jeshi?* Kinaweza kufika, lakini kitavuka bahari kwenda Marekani kwanza ndipo kirudi Ulaya. Kama mna nyumba mtaani, tumia anwani ya Kijerumani. Na kwenye anwani ya APO usiandike Ujerumani wala jina la mji, kitapotelea posta ya raia.

*Shule ya kambi imemwita mtoto kwenye mtihani wa Kiingereza kwa sababu nilijaza kwamba nyumbani tunaongea Kiswahili. Nibadilishe fomu?* Usibadilishe. Mtihani huo unampa msaada wa lugha bila malipo na haumrudishi darasa. Endelea kumwongelesha Kiswahili, bibi yake atahitaji mtu wa kuzungumza naye. Chekechea ya shule, kwa wanaouliza, inataka mtoto awe ametimiza miaka 5 ifikapo Septemba 1.

*Gari letu lina viti vya watoto wadogo tu, wa miaka tisa anakaa kawaida.* Ujerumani mtoto asiyefika miaka 12 na aliye chini ya sentimita 150 anakaa kwenye kiti chake maalumu. Mnunulie cha kuinulia.

*Saa 11 jioni king'ora cha muziki kinalia na watu wote wanaganda. Mimi si mwanajeshi, nifanye nini?* Ni bendera inashushwa. Simama ugeukie muziki au bendera, watoto waache mpira, na kama unaendesha, simamisha gari pembeni. Ukiisha, endelea na safari yako.